Kodi ya Namba Kumi na Moja

Dokta Solenne alinipa koleo, ndoo na orodha:
matumbawe ishirini ya rangi ya waridi,
yamefumbata kama koliflawa,
kila moja na kibao chake cha plastiki.
Yenye namba shufwa, yaache na wenyewe.
Yenye namba witiri, hamisha wapangaji.

Wapangaji ni kaa wawili, dume na jike,
hawazidi punje ya haragwe,
na uduvi mmoja mwenye mkono wa bunduki
anayelia ta! ta! kama bisi kaangoni.
Nimezaliwa Moorea, nyumba ya tatu kutoka kanisani Papetoai,
nimeogelea juu ya mapaa yao tangu sijang'oka jino,
nisijue kwamba ndani mna watu.

Nilisema "watu". Dokta alinisahihisha.

Hula ute, na vitone vya mafuta
ambavyo tumbawe huviotesha nchani mwa vidole vyake
kana kwamba limepika, limeandaa, limeondoka.
Nao hufagia. Mchanga ukitua
huutupa nje, chembe kwa chembe,
na hakuna aliyewagawia zamu.

Niliwachokoa kwa sindano ya plastiki.
Ilinichukua siku tatu. Walishika matawi
kama mtoto anayeshika mlango siku ya sindano.

Mimi nami nimepanga, kwa Teumere, mjane.
Faranga zangu hazitaki.
Jioni nakuta shelisheli la kuchoma, limefunikwa sahani;
Jumamosi napanda kuzibua mfereji wa paa.
Hatujaulizana hata siku moja nani anamdai nani.
"Leo umefanya nini huko majini?"
Nimehamisha wapangaji.
Akamenya kipande, akakipuliza.
"Na mwenye nyumba alisemaje?"

Kisha taramea wakapanda kutoka kilindini.
Kiti cha pweza, wengine wangesema,
lakini kiti hiki ni miiba mitupu,
hata pweza mwenyewe asingekikalia.

Saa nane za usiku, tochi nyekundu, kalamu ya risasi.
Mmoja alipanda namba kumi.
Kaa jike akatoka. Haragwe, dhidi ya sinia!
Akashika mwiba, akautikisa,
akaingia chini yake, akakata miguu laini,
mmoja, mwingine, mwingine,
uduvi nyuma yake ta! ta!
Taramea alisita. Akajikunja ukingo. Akashuka.
Nilicheka ndani ya barakoa, maji yakaniingia puani.

Akaelekea namba kumi na moja.

Hapo palikuwa kimya.
Alipanda bila haraka, akatandaza mwili,
akatoa tumbo lake nje kupitia mdomo
na kulilaza juu ya rangi ya waridi
kama mtu anayetandika shuka.
Koleo lilikuwa kiunoni mwangu.
Kazi yangu ilikuwa kuandika saa.
Niliandika saa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa.
Mimi nilimtoa mgeni
kisha nikakaa kumtazama mwenyeji.

Asubuhi: mfupa mweupe, msafi, mzuri hata.
Dokta alifurahi, na alikuwa na haki,
jedwali lilikuwa limenyooka, tofauti ilikuwa wazi,
na sasa tunajua kitu ambacho jana tulikikisia tu.
Sisemi ni upendo. Nimewaona kwa karibu:
kaa anatetea sahani yake,
tumbawe halijui jina la anayelitetea.
Labda hilo ndilo linaloniogopesha,
kwamba yote yale yalifanyika
bila mtu kumpenda mtu.

Jaribio lilipokwisha nilirudisha ndoo.
Wale wawili wa kumi na moja niliwaachia juu ya mfupa.
Wakazunguka matawi, wakagusa ncha, wakagusa tena,
hakuna kilichoandaliwa.
Mwisho wakahamia kwenye kibao cha plastiki
wakakishikilia, mmoja juu ya tarakimu moja,
mwingine juu ya tarakimu nyingine.

Nikanyoosha mkono kuwapeleka kumi na mbili,
ingawa kumi na mbili ina wenyewe
na nilijua watapigana.
Jike alinibana kidole kupitia glavu.
Kidogo tu,
kama anayebisha hodi
kudai kodi.